Vimelea vya samaki wa maji ya chumvi: mwongozo kamili wa matibabu kwa wafugaji wa Mtwara na Lindi

Kangaja wangu wa kwanza alipata madoa siku ya tisa baada ya kumtia kwenye tangi. Chembe ndogo nyeupe, mapezini na mgongoni, kama aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani. Niliambiwa nichanganye vitunguu saumu kwenye chakula chake. Nikafanya hivyo, na siku ya nne chembe zote zikatoweka. Nilifurahi mno. Wiki moja baadaye zikarudi, safari hii kwa samaki wote saba. Mwezi ulipoisha, tangi langu la lita 250 pale Shangani lilikuwa limebaki na kamba mmoja, konokono watatu na matumbawe.

Vitunguu saumu havikumponya yule kangaja. Vimelea vilikuwa vimeshiba, vikamwacha na kushuka chini kuzaliana. Siku niliyomwona safi ndiyo siku ambayo hatari ilikuwa inaanza. Tangu hapo nimefuga kwa kuhesabu siku, na kila hatua iliyomo humu inatokana na hesabu hiyo: kimelea kina kalenda yake, na matibabu ni kuikata kalenda hiyo pale kinapokuwa dhaifu.

Kwa nini samaki mzima wa baharini augulie kwenye kioo

Samaki wengi wa mwambani hubeba vimelea vichache na kuishi navyo miaka yote. Kimelea kimoja kikizaa watoto mia mbili baharini, maji yanapokupwa na kujaa huwatawanya, na wengi hufa kabla ya kukutana na samaki. Ndani ya tangi hakuna pa kutawanyikia. Wote mia mbili wanaanguliwa ndani ya maji yaleyale, palipo samaki walewale, ambao wamechoka kwa kuvuliwa na kusafirishwa ndani ya ndoo. Kizazi cha pili kikitoka, samaki ameshazidiwa.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba samaki aliyevuliwa jana mbele ya macho yako ni salama kuliko aliyenunuliwa dukani. Amevuliwa mwituni, basi mchukulie kuwa amebeba kitu. Na kwa kuwa nimetaja kuvua: maeneo ya Msimbati na jirani zake yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Humo usichukue samaki, tumbawe wala kiti cha pweza bila kibali.

Kalenda ya ugonjwa wa chembe nyeupe

Huu ndio utakaokutana nao mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu. Mdudu wake anaitwa *Cryptocaryon irritans*, kiumbe cha seli moja. Maisha yake yana vituo vinne.

Kwanza hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na kula. Hapo hukaa siku 3 hadi 7, na ndicho kituo pekee tunachokiona kwa macho. Kwa kuwa amefunikwa na ngozi na ute, dawa nyingi za kwenye maji hazimpati.

Pili humwacha samaki, hasa gizani na kuelekea alfajiri, akatambaa chini kwa saa kadhaa akitafuta pa kushika: mchanga, jiwe, kioo, hata mrija wa hewa.

Tatu hujifungia ndani ya ganda gumu na kugawanyika. Ganda hili halisikii dawa. Huchukua angalau siku 3 kabla ya kupasuka, kwa kawaida ndani ya wiki nne, lakini katika maabara yameonekana maganda yaliyokaa hadi siku 72.

Nne, watoto hutoka wakiogelea. Hawa wana saa 24 hadi 48 za kumpata samaki, wasipompata wanakufa, na nguvu zao huanza kupungua baada ya saa chache tu. Hapa ndipo mahali pao dhaifu. Shaba, dawa inayoyeyushwa kwenye maji, huwaua wakiwa katika kituo hiki peke yake.

Ukishayashika hayo, utaelewa mwenyewe kwa nini dawa ya siku tano haisaidii kitu, na kwa nini kumwondoa samaki mwenye madoa ukawaacha wenzake hakusaidii pia.

Mjue mgeni kabla ya kumfukuza

Usitie dawa yoyote kabla ya kumtazama samaki kwa dakika kumi mchana, kisha tena usiku kwa tochi. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Samaki mdogo anayefungua matamvua zaidi ya mara 100 kwa dakika, akiwa ametulia, ana shida kwenye matamvua hata kama ngozi yake inang'aa.

Chembe nyeupe zinazohesabika, zinazokuja na kuondoka, samaki akijisugua kwenye mawe: huo ni ugonjwa tuliotoka kuuzungumza.

Vumbi laini kama unga, lenye rangi ya dhahabu iliyopauka ukimulika tochi kwa ubavuni, samaki akikimbia mwanga na kujibana penye mkondo wa pampu: huyo ni *Amyloodinium ocellatum*. Huyu anaua kwa siku chache, wakati mwingine chini ya siku mbili tangu uone dalili. Kimelea kimoja hugawanyika hadi kutoa watoto 256. Usisubiri kesho.

Ute mzito mweupe unaochubuka kama ngozi iliyoungua, hasa kwa wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya anemoni: huyo ni *Brooklynella*. Huzaliana juu ya samaki mwenyewe bila kushuka chini, na shaba haimwezi.

Macho yenye ukungu, mapezi yaliyobanwa, kupiga miayo, kutikisa kichwa: shuku minyoo bapa ya ngozi na matamvua. Ni myembamba na inapitisha mwanga, ndiyo maana huioni. Kitatange na kangaja huipata sana.

Vidonda vyekundu ubavuni kwa samaki wadogo wanaoogelea kwa makundi mara nyingi ni *Uronema*. Huyu hana haja ya samaki ili aishi, anakula bakteria kwenye uchafu wa tangi, kwa hiyo kuacha tangi tupu hakumuui. Nasema wazi kwamba matokeo yake ni mabaya. Mhamishe mgonjwa mapema, safisha, na jaribu formalini kama nitakavyoieleza huko chini.

Ukiona mdudu mkubwa kama chawa ameng'ang'ania karibu na mdomo au pezi, ambaye kwa samaki wa mwituni si ajabu, mtoe kwa koleo dogo huku mikono yako ikiwa imelowa. Hapo huhitaji dawa.

Ukibaki na mashaka, uliza. Mikindani kuna kampasi ya FETA, wakala wa serikali unaofundisha mambo ya uvuvi, na ofisi ya mifugo na uvuvi ya halmashauri ina wataalamu. Mkwaruzo mdogo wa ute chini ya hadubini humaliza ubishi wote.

Hospitali ya plastiki

Tangi kuu lenye matumbawe na mawe halitibiwi. Shaba inaua matumbawe, kamba, konokono na viti vya pweza, na mawe huinyonya kisha kuitoa miezi baadaye. Samaki wote, wazima na wagonjwa, watolewe na kutibiwa pembeni.

Vitu vyenyewe si vya gharama. Tafuta madiaba mawili ya plastiki ya lita 60, mapya, yasiyowahi kuwekewa sabuni wala mafuta. Pampu mbili za hewa pamoja na mawe ya hewa, moja iwe ya betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku samaki aliye ndani ya dawa anakosa pumzi haraka kuliko aliye kwenye maji safi. Siku moja nilibaki bila betri nikachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila dakika chache hadi umeme uliporudi, karibu saa tatu nzima, na samaki wote walipona. Ongeza vipande vya bomba la maji la plastiki wajifichie, kipimajoto, kipimo cha amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula), na rifraktomita ya kupima chumvi. Haidromita ya mshale hudanganya. Kwa matibabu ya chumvi kidogo, nitakayoyaeleza chini, usiitegemee.

Usiweke mchanga wala mawe ndani ya diaba. Liweke zaidi ya mita 3 kutoka tangi kuu, maana matone yanayorushwa na mawe ya hewa yanaweza kubeba vimelea. Kila upande uwe na wavu wake, na uoshe mikono unapotoka upande mmoja kwenda mwingine. Andika DAWA kwa rangi kwenye madiaba, yasije yakarudi jikoni.

Maji ya bahari, na jinsi ya kuyalaza

Hapa tumejaliwa. Mwenzetu wa Dodoma ananunua chumvi ya pakiti, sisi tunachota. Lakini yachote vizuri. Nenda maji yakiwa yamejaa, mbali na mikoko, mbali na mifereji ya mji na gati, na si katika siku zinazofuata mvua kubwa. Kati ya Desemba na Aprili napima kila dumu kabla ya kulibeba: maji mazuri yawe na gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na yakishuka chini ya 32 namwaga.

Yapitishe kwenye kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne, au kichujio cha mikroni 5 ukikipata, kisha uyalaze gizani ndani ya pipa lenye mfuniko kwa wiki tatu au zaidi. Watoto wa vimelea walioingia humo watakosa samaki na kufa. Siku moja kabla ya kuyatumia, yapulizie hewa na uyaache yapate joto sawa na la tangi. Panga mapema: matibabu kamili ya kuhamisha samaki, yanayofuata hapa chini, kwa madiaba ya lita 60 yanakula lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20.

Njia ninayoipenda: kuhamisha kila siku ya tatu

Kwa ugonjwa wa chembe nyeupe, njia hii haihitaji dawa hata tone, na kwa mtu wa pwani ndiyo rahisi kuliko zote. Hesabu yake ni hii: ganda huchukua angalau siku 3 kupasuka, na kimelea hakikai juu ya samaki zaidi ya siku 7. Ukimhamisha samaki kabla ya saa 72 kwisha, unayaacha maganda nyuma kabla hayajatoa kitu. Ukirudia mara za kutosha, vimelea vyote vilivyokuwa juu yake vitakuwa vimeshashuka na kuachwa.

Siku ya 1, asubuhi, weka samaki kwenye diaba la kwanza lenye maji yaliyolazwa. Siku ya 4, kabla ya saa ileile uliyoanzia, mhamishie diaba la pili lenye maji mapya. Siku ya 7 arudi kwenye la kwanza, likiwa limeoshwa, limekauka na kujazwa upya. Siku ya 10 tena la pili. Siku ya 13 anakwenda kwenye chombo safi cha kusubiri, akiwa amemaliza. Chelewa saa sita tu na umerudi mwanzo, kwa hiyo mimi huhama saa 60 hadi 70, sifiki 72.

Mambo yanayowaangusha watu ni madogo. Samaki ahame bila maji yake, matone tu. Kangaja ana miiba mikali kama wembe kwenye shina la mkia na hunasa kwenye wavu. Mchukue kwa bakuli la plastiki lililotobolewa. Diaba lililotumika, pamoja na jiwe la hewa, mrija na mabomba ya kujifichia, vyote vioshwe kwa maji ya bomba na dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, visuuzwe sana, kisha vianikwe juani hadi vikauke kabisa, angalau saa 24. Jua la Mtwara ni sehemu ya dawa hapa. Usilete sponji ya chujio kutoka tangi kuu, itabeba maganda. Bila sponji amonia itapanda, kwa hiyo lisha kidogo, ondoa mabaki, na pima kila jioni. Ikionekana, punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji kwa yaliyolazwa.

Njia hii haimtoshi yule wa vumbi la dhahabu. Watoto wake huishi siku nyingi zaidi bila samaki, na yeye ana haraka. Huyo anahitaji shaba.

Minyoo bapa: maji matamu na dawa ya kichocho

Andaa ndoo ya maji matamu yenye joto sawa na la tangi. Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi siku moja huku yakipuliziwa hewa. Ongeza nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa lita 10 ili pH ya maji, yaani kipimo cha tindikali, ikaribie ya bahari, 8.1 hadi 8.3. Mtie samaki kwa dakika 5. Atalala ubavu, atatulia kama amezimia. Vumilia, lakini akianza kurukaruka kwa nguvu mtoe. Ikiwa ana minyoo, utaiona ikigeuka myeupe na kuanguka kama vipande vya magamba chini ya ndoo. Mara ya kwanza nilihesabu zaidi ya ishirini kutoka kwa kitatange mmoja ambaye ngozi yake ilikuwa haina alama yoyote.

Hilo linampa nafuu, haliimalizi. Mayai ya minyoo hii yana nyuzi zinazonata kwenye kila kitu na hayasikii maji matamu wala dawa. Hapo ndipo inapokuja prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa wanafunzi shuleni kwa kichocho. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita. Kidonge cha miligramu 600 kinatosha lita 240, kwa hiyo diaba la lita 60 linataka robo ya kidonge. Mwone mfamasia, mweleze ukweli kwamba ni ya samaki. Isage iwe unga, itikise ndani ya chupa yenye maji ya uvuguvugu na kijiko kidogo cha spiriti isiyo na rangi, maana kwenye maji matupu inayeyuka kwa shida. Mimina polepole. Zidisha hewa, kwa sababu maji huweza kupata ukungu wa bakteria wanaokula oksijeni.

Rudia baada ya siku 6, ili kuwapata walioanguliwa kutoka kwenye mayai kabla hawajakomaa na kutaga wengine. Ukiwa unafuata ratiba ya kuhamisha, tia prazikwanteli siku ya 4 na siku ya 10. Umepiga magonjwa mawili kwa madumu yaleyale.

Mrututu: dawa ya kweli, yenye makali ya kweli

Mrututu ni salfeti ya shaba. Shaba inaua watoto wa chembe nyeupe na wa vumbi la dhahabu. Inaua pia samaki, ukikosea kidogo. Kipimo cha mrututu ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita. Chini ya hapo vimelea vinaishi, juu ya 0.25 samaki anaanza kuumia. Kwa hiyo nasema bila kulegeza: huna kipimo cha shaba cha maji ya chumvi, usitumie mrututu. Tumia njia nyingine.

Nimesikia watu wakipendekeza dawa za shaba za kunyunyizia nyanya, na mmoja aliniuliza kuhusu salfa ya mikorosho. Salfa haina shaba kabisa, ni kiberiti. Dawa za ukungu za bustani zina shaba ya aina nyingine na vitu vingine visivyojulikana kwa samaki. Mrututu unaotakiwa ni fuwele za bluu, safi, ulioandikwa usafi wake kwenye pakiti.

Pima gramu 3.9 kwa mizani ndogo kama ya sonara, yeyusha kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa (distilled water). Sasa kila mililita moja ina miligramu moja ya shaba. Diaba lenye lita 60 za maji halisi linahitaji mililita 12 ili kufika 0.20. Usimimine zote. Tia 4 kwa bomba la sindano asubuhi, 4 jioni, pima. Siku ya pili malizia kwa kufuata kipimo, si kwa kufuata hesabu. Kisha pima asubuhi na jioni kila siku, na ukibadilisha maji, maji mapya yaingie yakiwa tayari na shaba ya kiwango hicho.

Kaa hapo siku 30 mfululizo bila kushuka chini ya 0.15. Kikishuka hata siku moja, anza kuhesabu upya. Samaki asipokula kabisa kwa siku tatu, punguza shaba kwa kubadilisha maji na urudi polepole. Papa wadogo na taa usiwatie kwenye shaba hata kidogo. Wala usichanganye shaba na formalini, na usiitumie kwenye maji ya chumvi kidogo, kwa maana sumu yake huongezeka.

Kwa vumbi la dhahabu, mpe samaki dakika 5 za maji matamu kwanza apate pumzi, ndipo aingie kwenye shaba. Wapo wanaotumia klorokwini kwa ugonjwa huu, miligramu 10 hadi 15 kwa lita, diaba likiwa gizani kwa sababu mwanga huivunja. Inafanya kazi vizuri. Ila tangu Tanzania ilipoacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kuipata iliyo safi si rahisi, na vidonge vina vijazio vingi.

Chumvi kidogo

Chembe nyeupe hazivumilii maji ya chumvi ndogo, wakati samaki wengi wenye mifupa wanayavumilia. Shusha chumvi kutoka gramu 35 hadi 12 kwa lita kwa muda wa siku mbili, kwa kutoa maji ya bahari na kutia matamu yasiyo na klorini, mpaka theluthi mbili za maji ziwe matamu. Ikizidi 16 hakuna tiba. Ushikilie hapo hadi siku 30 baada ya kuona chembe ya mwisho, ukipima kila siku na kuilinda pH kwa soda ya kuokea, kwani katika maji ya chumvi ndogo pH hushuka upesi. Kupandisha kuwe kwa taratibu, 3 hivi kwa siku, wiki nzima.

Mimi naitumia kwa samaki dhaifu asiyeweza kuhimili shaba wala kushikwashikwa. Vumbi la dhahabu huishi vizuri kwenye chumvi ndogo, kwa hiyo hakikisha utambuzi wako kwanza.

Formalini kwa ugonjwa wa ute

Tumia formalini ya asilimia 37. Ile ya maabara za hospitali mara nyingi imeshapunguzwa, soma chupa. Yenye mashapo meupe chini itupe. Vaa glavu, fanyia nje penye upepo, watoto wasikaribie. Ni kitu kinachosababisha saratani. Mililita 1.5 kwa lita 10 za maji ya bahari, hewa ikipulizwa kwa nguvu, dakika 30 hadi 45 huku umesimama hapo. Maji yetu ni ya joto na hushika oksijeni kidogo, ndiyo maana sipandishi kipimo. Baada ya kuoga samaki aende kwenye diaba safi, asirudi alikotoka. Rudia baada ya siku 2 au 3, jumla mara tatu.

Maji yote ya dawa usiyarudishe baharini wala mikokoni. Yamwage kwenye ardhi kavu isiyo na mazao, mbali na kisima. Samaki aliyetibiwa naye asirudishwe baharini, wala asiliwe.

Tangi kuu likae bila samaki

Wakati wagonjwa wako hospitalini, tangi kuu linabaki na matumbawe, kamba na konokono peke yao kwa siku 76. Ni muda mrefu, najua. Familia itakuuliza kila Jumapili kwa nini tangi ni tupu. Lakini yapo maganda yanayosubiri hadi siku 72, na samaki mmoja tu akibaki amejificha nyuma ya jiwe, hesabu yote imekufa. Mulika usiku kabla ya kuanza kuhesabu. Tia chakula kidogo sana mara mbili kwa wiki ili bakteria wa chujio wasife njaa, na usiongeze jiwe, tumbawe wala maji mabichi ya bahari katika kipindi hicho. Chochote kinachoingia kikiwa kimelowa kinaweza kuleta ganda jipya.

Mgeni yeyote baada ya hapo

Kila samaki mpya hupitia hamisho nne pamoja na prazikwanteli hata akiwa anang'aa, kisha wiki mbili za kutazamwa. Kamba na matumbawe mapya hukaa siku 76 kwenye chombo kisicho na samaki. Wauzaji wengine huniona mgumu. Mwarobaini, ndimu, tangawizi na kamba wa kusafisha nimeshaambiwa vyote. Kamba humla mdudu mmoja mmoja, na majani ya mwarobaini yanaweza kudhuru viumbe vingine vya tangi.

Weka daftari. Tarehe, saa ya kuhamisha, pumzi kwa dakika, amonia, shaba, chumvi. Siku ya 77 zima taa za tangi kuu, sawazisha joto na chumvi ya diaba na ya tangi ndani ya saa moja, watie wapole kwanza na kangaja awe wa mwisho, maana akitangulia atajifanya mwenyeji na kuwafukuza wenzake. Taa ziwashwe kesho yake asubuhi, na chakula cha kwanza kiwe kidogo.